Maumivu Yasiyo na Maelezo

Claud Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyechapisha kitabu kuhusu Wanandi wa Kenya mwaka 1909, alihifadhi humo kisa cha chanzo cha kifo. Siku moja mbwa aliwajia watu akawaambia kwamba wote watakufa kama mwezi unavyokufa, na tofauti na mwezi hawatarudi. Kulikuwa na sharti moja la kuwaokoa: wampe maziwa katika kibuyu chao wenyewe na pombe kwa mrija wao wenyewe. Wakifanya hivyo, atawapangia wafufuke siku ya tatu. Watu wakacheka. Wakammiminia maziwa na pombe juu ya kigoda, alambe. Mbwa akameza hasira, akanywa, kisha akaenda zake akisema kwamba watu watakufa na mwezi peke yake ndio utakaorudi.

Msomaji Mkristo husimama kwenye ile siku ya tatu, na ana sababu. Lakini kisa kina uzito mwingine. Watu wale hawakumnyima mbwa alichoomba. Maziwa aliyapata na pombe aliipata. Kosa lao lilikuwa katika namna ya kumpa: walihesabu kwamba kwa kiumbe wa aina yake, chochote kinachofika tumboni kinatosha. Fikra hiyo hiyo ingalipo leo Molo, kila mbwa anaposhushwa kutoka meza ya upasuaji akiwa na nyuzi mguuni na chuma ndani ya paja. Daktari amelipwa, mfupa umeunganishwa, mbwa yu hai. Je, deni limekwisha?

Molo iko takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, ubavuni mwa msitu wa Mau. Ni nchi ya kondoo, viazi, pareto na maziwa, na mbwa wa huko ni mfanyakazi. Waogiek waliwinda naye msituni kabla shamba lolote halijapimwa. Siku hizi hulinda zizi, boma na ghala la viazi. Usiku hufunguliwa, mchana hufungwa. Barabara kuu kutoka Nakuru kwenda Eldoret inapita Sachangwan na Mau Summit ikiwa imejaa malori, na ndani ya mji boda boda hazikatiki. Mbwa hugongwa, paja likavunjika, nyonga ikatoka mahali pake, goti likalegea. Madaktari wa mifugo hawatoki mbali: Chuo Kikuu cha Egerton, pale Njoro, kinawafundisha, kama Chuo Kikuu cha Nairobi kinavyofanya Kabete. Kwa hiyo upasuaji unawezekana, angalau kwa mwenye uwezo. Kinachofuata baada ya upasuaji huachwa mikononi mwa mwenye mbwa, mara nyingi bila neno la maana zaidi ya kuambiwa amrudishe nyuzi zitolewe.

Hapo ndipo mambo huharibika. Kazi ya kisu huisha kwa saa chache, na mfupa wa mbwa mzima huhitaji wiki nyingi, mara nyingi 8 hadi 12, ushikane barabara. Misuli haina subira hiyo. Mguu usiokanyagwa huanza kukonda ndani ya siku chache. Mwaka 1892 daktari Mjerumani Julius Wolff aliandika kwamba mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaoubeba. Usipobebeshwa chochote, hupungua. Gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, na ute huo hulifikia vizuri pale kiungo kinapokunjwa na kunyooshwa. Kiungo kikilala, chakula chake nacho hukatika.

Balaa linaloogopwa zaidi huwapata mbwa wachanga. Mtoto wa mbwa akivunjika paja karibu na goti, kisha mguu ukafungwa tu na kuachwa, msuli wa mbele wa paja unaweza kugandamana na mfupa unaopona. Goti hujifunga likiwa limenyooka, na mguu mzima ukawa kama fimbo iliyochomekwa nyongani. Likishafika huko, hata upasuaji wa pili mara chache hurudisha mwendo. Eksirei itaonyesha mfupa uliopona vizuri kabisa, ndani ya mguu usiofaa kitu.

Upo pia upasuaji ambao karibu nusu ya kazi yake ni mazoezi. Nyonga ikiwa imesagika, daktari hukata kichwa cha mfupa wa paja na kukitoa. Hakuna kiungo kipya kinachowekwa. Kovu lenyewe ndilo hugeuka kiungo bandia, na jinsi litakavyokuwa laini au gumu hutegemea mguu huo unavyotumiwa katika wiki za mwanzo. Mbwa huyu hutakiwa kutembezwa mapema, wakati mwenzake aliyefungwa bamba la chuma kwenye paja anapaswa kuzuiwa asikimbie wala asiruke. Mwenye mbwa akikisia, atambana wa kwanza na kumwachia wa pili, akawalemaza wote wawili.

Tiba yenyewe haina uchawi. Siku 3 za mwanzo, kitu baridi kilichofungwa kwa taulo huwekwa juu ya uvimbe kwa dakika 10 hadi 15. Baadaye, uvimbe ukishatulia, joto la chupa ya maji ya vuguvugu hutangulia mazoezi, na kwa alfajiri za Molo hilo si jambo dogo. Mbwa hulazwa kwa ubavu wa mguu mzima. Mkono mmoja hushika juu ya kiungo, mwingine chini yake, kisha kiungo hukunjwa na kunyooshwa taratibu mara 10 hadi 15, na zoezi hurudiwa mara 2 au 3 kwa siku. Daktari akiruhusu, huja matembezi ya dakika 5 kwa kamba fupi, polepole sana. Upole huo wa mwendo una sababu yake: mbwa akiharakishwa hurukaruka kwa miguu mitatu, lakini akiendeshwa polepole hulazimika kukanyaga. Kisha huja kuketi na kusimama, kuvuka fito zilizolazwa juu ya nyasi, na hatimaye kupanda mlima, zoezi linalojenga misuli ya nyuma kuliko mengi. Molo ina milima ya kutosha. Leso au gunia safi likipitishwa chini ya tumbo humbeba mgonjwa asiyeweza kusimama peke yake.

Katika nchi tajiri fani hii imekuwa na vyuo na vyeti vyake. Mkutano wa kwanza wa kimataifa juu yake ulifanyika Corvallis, Oregon, mwaka 1999, na mwaka 2010 chama cha madaktari wa wanyama cha Marekani kiliitambua rasmi kuwa taaluma ya ubingwa. Zipo mashine ambazo mbwa hutembea ndani yake majini. Lakini sehemu kubwa ya tiba ni mikono, muda na kamba, na vitu hivyo havihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo.

Sasa swali gumu. Zoezi huuma. Mtu aliyevunjika mguu kwa ajali ya boda boda, akikunjwa goti katika hospitali ya Nakuru, anaweza kumlaani anayemkunja na bado akarudi wiki inayofuata, kwa sababu ameelezwa. Anajua kuna wiki ya sita, kuna siku ya kutupa magongo. Tumaini lake humpunguzia maumivu. Mbwa hana wiki ya sita. Anachojua ni kwamba mtu aliyemwamini alimpeleka mahali penye harufu ya dawa, akaamka akiwa na jeraha, na sasa mtu huyo huyo anamshika mguu unaouma na kuukunja. Kwa haki gani?

Wafuasi wa mwanafalsafa Descartes walikuwa na jibu jepesi: mnyama ni mtambo, na kilio chake ni mlio wa mtambo. Jeremy Bentham alikwisha kuling'oa jibu hilo mwaka 1789 alipotaka wanyama wapimwe kwa uwezo wao wa kuteseka, uwezo wa kufikiri au kusema ukiwekwa kando. Hata bila Bentham, hakuna mfugaji wa Molo anayehitaji kitabu kumjulisha kwamba mbwa anaumwa. Jibu linalostahili kuzingatiwa zaidi ni la C. S. Lewis, mwandishi Mkristo, katika kitabu chake cha mwaka 1940 kuhusu maumivu. Lewis alifikiri kwamba huenda mnyama hupitia hisia moja baada ya nyingine bila kuwa na nafsi inayoziunganisha kuwa kisa kimoja. Alilitoa wazo hilo ili kumtetea Mungu: kama hakuna anayeyakusanya maumivu hayo yote pamoja, basi mateso ya wanyama ni madogo kuliko yanavyoonekana.

Tuseme Lewis yuko sahihi. Hitimisho lake hugeuka upande wa pili. Kama mbwa hawezi kuunganisha maumivu ya leo na ya jana, hawezi pia kuyaunganisha na kupona kwa kesho. Maumivu ya asubuhi hii, kwake, ndiyo yote yaliyopo. Hayana mwisho unaosubiriwa wala faida inayotarajiwa. Kwa hiyo mgonjwa asiyeweza kuelezwa anadai upole mkubwa kuliko anayeelezwa. Watu wengi hufikiri kinyume: kwa kuwa hajui, haidhuru. Wengine, wenye huruma ya haraka, hufikiri kwamba kwa kuwa hajui ni afadhali aachwe alale, na kwa huruma hiyo goti hujifunga.

Upole huo una vipimo. Dawa ya maumivu aliyoandika daktari hutolewa kabla ya zoezi, si baada ya mbwa kulia. (Na iwe ya daktari: ibuprofeni na diklofenaki zinazouzwa kila duka la dawa huweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo.) Mkono husimama mbwa anapogeuza kichwa, anaporamba midomo au anapokaza msuli, kabla hajafika kwenye kubweka. Akitaka kuuma hapigwi; zoezi limekwenda mbali mno, na kesho litapunguzwa. Mahali ni pale pale, saa ni ile ile, na mfuatano ni ule ule: blanketi, chupa ya joto, mkono, maumivu kidogo, chakula. Sababu mbwa hataijua kamwe, lakini mfuatano anaweza kuujifunza, na baada ya siku kadhaa mbwa wengi hulala wenyewe wakiliona blanketi.

Waumini wanapaswa kuitambua hali hiyo ya kuumizwa bila maelezo. Ayubu aliuliza kwa sura nyingi kwa nini anaumizwa, na hakuelezwa. Siku Mungu aliposema naye kutoka upepo wa kisulisuli, hakumsimulia kilichotokea kati yake na Shetani. Alimtembeza kati ya simba, kunguru, mbuzi wa majabali, punda-mwitu, farasi na mwewe. Mbwa hayumo katika msafara huo. Yeye alitajwa mapema, katika sura ya 30, pale Ayubu mwenyewe anapomtumia mbwa wa kundi lake la kondoo kama kipimo cha dharau. Inafaa kusomwa na wafugaji wa kondoo: mtu yule yule anayedai maelezo ya mateso yake hakuwahi kufikiri kwamba mbwa wake naye angeweza kuyahitaji. Imani ya Ayubu ilibaki bila maelezo, ikashikilia uwepo wa anayemshughulikia. Mtu aliyelelewa na kisa hicho, akipiga magoti kando ya mbwa aliyefungwa nyuzi, yuko upande wa pili wa uhusiano ule ule. Sasa yeye ndiye anayejua sababu na hawezi kuisema.

Wapo watakaosema kwamba haya ni anasa. Molo ina wazee waliopooza upande mmoja ambao hakuna anayewanyoosha mkono, na watoto wenye viungo vilivyokaza. Chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC, kinawaandaa wataalamu wa tiba ya viungo, na Kenya ina sheria ya kuwasimamia tangu mwaka 2014, ila familia nyingi za vijijini humwona mtaalamu mara moja na kurudi nyumbani. Anayeuliza kwa nini mbwa ahudumiwe kabla ya hao anastahili jibu, wala asikemewe.

Jibu moja limo katika Injili ya Luka, sura ya 13. Mwanamke aliyepinda mgongo kwa miaka 18 ananyooshwa siku ya Sabato, na mkuu wa sinagogi anakasirika. Yesu anamjibu kwa kutaja ng'ombe na punda: kila mmoja wa wanaompinga humfungua mnyama wake siku hiyo hiyo na kumpeleka kunywa maji, je, binti huyu wa Ibrahimu asifunguliwe? Hoja yake inaanzia zizini. Huruma kwa mnyama imechukuliwa kuwa jambo ambalo hata wapinzani wake wanalitenda bila kufikiri, na juu ya msingi huo anadai haki ya mwanamke. Hakuna mahali anaposema kwamba ng'ombe angesubiri. Katika maisha ya kawaida mambo hayako mbali na hapo. Kijana aliyejifunza kushika goti la mbwa juu na chini ya kiungo, kuanza kwa joto na kuacha kabla ya kilio, amejifunza sehemu ya kazi ambayo nyanya yake aliyepooza anaihitaji. Tiba ya viungo ya mbwa yenyewe ilikopwa kutoka kwa ile ya binadamu, na hakuna kinachozuia mkopo kurudi nyumbani.

Kwa Waislamu wa Afrika Mashariki, ambao wengi hufuata madhehebu ya Shafi, kikwazo ni kingine. Mate na unyevu wa mbwa ni najisi nzito, inayooshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Je, Mwislamu mwenye shamba Molo atawezaje kumkunja mbwa mguu asubuhi na jioni? Sheria yenyewe inampa nafasi. Hadithi zinazokataza kufuga mbwa humtoa yule wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda mazao, na hao ndio mbwa wa Molo hasa. Kugusa mwili mkavu kwa mkono mkavu hakuhamishi najisi katika madhehebu hayo, na glavu au kitambaa humaliza wasiwasi. Juu ya yote ipo hadithi mashuhuri, katika Bukhari na Muslim, ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akakishika kwa meno akipanda, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu. Akasamehewa dhambi zake. Masahaba wakauliza kama kweli kuna malipo kwa ajili ya wanyama, na Mtume akawajibu kwamba yapo kwa kila chenye uhai. Mtu yule hakuulizwa kwanza kama mbwa ni wake.

Hapo hadithi inawazidi wanafalsafa wawili wakubwa. Immanuel Kant alitoa mfano wa mbwa aliyetumika kwa uaminifu hadi akazeeka: bwana wake akimpiga risasi kwa kuwa hafai tena, anaharibu utu wake mwenyewe. John Mbiti, kasisi na mwanafikra Mkenya mzaliwa wa Kitui, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba fikra za kidini za Kiafrika humweka mwanadamu katikati, wanyama wakiwa sehemu ya mazingira yanayomwezesha kuishi. Kwa wote wawili thamani ya mbwa inapitia kwa mtu. Ni nusu ya ukweli. Mwaka 2005, Nairobi, mbwa asiye na mwenyewe alimkuta mtoto mchanga aliyetupwa ndani ya mfuko, akamburuta hadi kwa watoto wake mwenyewe, na mtoto akapatikana hai. Shirika la kulinda wanyama la KSPCA, lenye mizizi yake mwaka 1910, lilimchukua mbwa huyo na kumpa jina Mkombozi. Hakuwa mfanyakazi wa mtu. Kama huduma ndiyo pekee inayomstahilisha mbwa kutunzwa, basi asubuhi ya siku ile, kabla hajaukuta ule mfuko, yeyote angeweza kumwacha afe.

Sababu yenye nguvu zaidi ya kumfanyisha mbwa mazoezi haitegemei utumishi wake. Inatokana na kisu. Hollis anaeleza pia kwamba Wanandi, walipofanya amani na adui, walimkata mbwa vipande viwili, kila upande ukashika kipande, na mtu wa tatu akamwapiza atakayevunja amani auawe kama mbwa yule. Mwili wa mbwa ulipasuliwa kwa faida ya watu, na hakuna aliyedai vinginevyo. Upasuaji wa leo unadai vinginevyo. Mwenye mbwa na daktari wanasema kwamba wanakata kwa ajili ya mbwa mwenyewe, bila ridhaa yake, na dai hilo ndilo linalowapa haki ya kukata. Goti likiachwa lijifunge, dai limekuwa uongo, na kilichobaki ni jeraha.

Kwa hiyo mazungumzo kuhusu mazoezi yanapaswa kufanyika kabla ya nusukaputi. Daktari aulize nani atakuwa nyumbani mchana, mbwa atalala wapi wiki hizo (sakafu yenye maji na mnyororo mfupi havifai), na kama yupo mtu mzima asiyemwogopa. Majibu yakikosekana, zipo njia nyingine, wala hazina aibu. Mbwa hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, na wengi waliokatwa mguu wa nyuma hutembea vizuri kwa mitatu baada ya wiki chache. Ambapo majeraha ni makubwa mno, ipo sindano ya kumlaza asiamke. Mwenye mbwa anayekiri mapema kwamba hataweza wiki 8 za mazoezi amemtendea mbwa wake haki kuliko anayelipa gharama zote kisha akamrudisha kwenye mnyororo. Na anayekubali aondoke na karatasi ya ratiba ya wiki kwa wiki, iliyoandikwa kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani kwake, ikionyesha zoezi gani lianze lini, dalili zipi zimlazimishe kupiga simu, na siku ya kurudi kwa picha ya eksirei.